Bibi Ameshaagwa

“Mnazika lini?”

Aliyeniuliza alikuwa mzee mmoja aliyevaa koti jeusi na kandambili, getini kwa shangazi yangu huko Kayonza, Rwanda, nikiwa bado sijashusha begi mgongoni. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Shelui. Nilikuwa nimekuja kuaga, na nilikuwa na hamu ya chai. Nina shahada ya ualimu, somo langu ni Kiswahili, na kila neno la swali lile nililielewa. Nikageuka nyuma kuona anamuuliza nani.

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kwenye kundi letu kama ni kweli nilimuua bibi yangu kwa ujumbe wa simu. Naeleza mara moja tu, kwa kufuata njia, halafu msiniulize tena.

Shelui hadi Kahama

Mimi nimelelewa na Bibi, mama yake baba, pale Shelui, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu, mahali malori yanapopumzika kabla ya kupanda mlima wa Sekenke. Shangazi Neema ni binti yake wa pekee. Miaka kumi na tisa iliyopita Neema aliondoka na mmoja wa madereva wa malori hayo, na Bibi akamwambia mbele ya watu: “Hapa utakanyaga siku ya kunizika.”

Neema alilichukua neno hilo lilivyo. Hakukanyaga. Nilipokuwa chuoni alinipigia simu kila Jumapili, na hakuuliza habari za mama yake hata mara moja. Aliuliza kama mvua imenyesha Shelui. Kama mtama umevunwa. Kama aliyevuna mtama bado anasumbuliwa na goti.

Ajira ilipotoka nilipangiwa sekondari moja karibu na Nduguti, na Jumatatu ilibidi niwe nimeripoti. Nikadhani nitafungasha godoro na kwenda. Bibi akakataa.

“Huwezi kuanza kazi hujamuaga shangazi yako.”

“Kwani kwenye barua ya ajira wameandika shangazi?”

“Maneno ya shangazi ndiyo yanayomfungulia mtu njia.”

“Na wale wasio na shangazi?”

“Ndio hao unaosikia wamefukuzwa kazi.”

Tulibishana siku tatu. Nilitaka kujua inakuwaje mtu anayekatazwa kukanyaga uani awe ndiye mwenye funguo za njia yangu. Bibi alisema mambo hayo mawili hayahusiani, na kwamba chuo kimeniharibu. Alhamisi asubuhi akanisukumia mkononi mfuko wa mlenda mkavu, ule aliousaga mwenyewe.

“Mpe yeyote utakayemkuta ana njaa.”

“Rwanda nzima, Bibi?”

“Utamjua.” Jina la Neema hakulitaja. Kisha akanigombeza kwa namna nilivyofunga mlango, na hivyo ndivyo tulivyoagana.

Kabla hatujafika Nzega simu yangu ilibakiwa na chaji ya kuandika sentensi tatu. Nikaandika: “Shikamoo Shangazi. Bibi ameshaagwa. Niko njiani nakuja kwenu, kesho jioni nitafika.” Niliusoma mara mbili kabla ya kuutuma. Sarufi ilikuwa safi. Simu ikazima.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mmoja muuza vitenge, mwenyeji wa Kahama, mwenye beseni la vyakula miguuni.

“Unaelekea wapi, mwanangu?”

“Rwanda. Naenda kumuaga shangazi.”

“Jamani. Pole.”

Nikajua ananipa pole ya umbali. “Asante mama. Kawaida tu.”

Alinitazama kwa muda. “Alikuwa mtu mzima?”

“Wastani.”

“Ana watoto?”

“Watatu. Wa mwisho yuko darasa la nne.”

“Darasa la nne!” Akafungua beseni akanipa hindi la kuchemsha. Nilipolimaliza akanipa yai. Tairi lilipopasuka kabla ya Tinde tukakaa kando ya barabara saa nne nzima, na saa zote hizo yule mama alinilisha, akanifunika kitenge kichwani nisipigwe jua, akawaambia abiria wengine wasiniulize maswali. Nikajisemea kwamba watu wa Kahama wana ukarimu wa kutia shaka. Tulifika giza linaingia. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili: “Jikaze. Wewe ndiye utakayewashika wale watoto.”

Nikalala Kahama, gesti umeme umekatika na simu haikuchajiwa, nikijiuliza kwa nini niwashike watoto wa watu.

Kahama hadi Rusumo

Ijumaa barabara ilikuwa nzuri, na cha kuwaambia ni ule mlenda tu.

Pale mpakani Rusumo mifuko ya plastiki haivuki. Nilijua, nikasahau. Ofisa mmoja kijana alifungua begi langu akautoa mfuko wa Bibi, akauinua kwenye mwanga.

“Hii ni nini?”

“Mlenda.”

“Ni dawa?”

“Ni mboga.”

“Mboga gani ni vumbi?”

Swali zuri. Mimi mwenyewe nilimuuliza Bibi nikiwa na miaka sita. Nikajaribu kueleza kwamba ukiutia kwenye maji ya moto haubaki vumbi, unakuwa kama, unavutika, ukiinua mkono unakufuata. Ofisa akauweka mfuko mezani taratibu akarudi nyuma hatua moja.

Akaitwa mwenzake. Mwenzake akamwita mama mmoja mfagizi, mtu wa Ngara. Yule mama akachovya kidole, akalamba, akacheka mpaka akaegemea fagio.

“Chakula hicho, baba. Wakimbu na Wanyiramba huko ndani ndio wanaokila. Kinateremka chenyewe.”

“Hutafuni?”

“Unatafuna ugali. Huo wenyewe unajua njia.”

Wakachukua mfuko wa plastiki, wakaniachia mlenda. Nikaufunga kwenye kitenge changu kipya, nilichokiandaa kwa siku ya kwanza kazini. Nikasogea upande wa pili kutafuta gari. Rwanda magari hupita kulia. Nilisimama upande niliouzoea dakika arobaini, nikishangaa mbona magari yote yanarudi Rusumo na hakuna hata moja linalokwenda Kayonza.

Kayonza

Nyuma ya yule mzee wa getini ua ulikuwa umejaa viti vya plastiki. Palikuwa na wanawake kama ishirini, sufuria mbili kubwa za ndizi na maharage, na wanaume wameinamisha vichwa. Kila niliyempita alinishika mkono akasema, “Mwihangane.” Kinyarwanda sikijui. Nikaona ni salamu, na mgeni mwenye adabu hurudisha salamu. Kwa hiyo nikaitikia kwa tabasamu, kila kiti: “Mwihangane! Mwihangane sana!” Mama mmoja akatoa leso akajifunika uso.

Baadaye nilielezwa kwamba ni neno la kumpa mfiwa pole.

“Tunazika nani?” nikamuuliza mzee. Jina lake Mzee Anastazi, aliishi Goma zamani na Kiswahili anakimudu. Alimgeukia mwenzake akasema, “Mtoto bado amechanganyikiwa.”

Shangazi akatoka ndani, kajifunga kanga mbili, akaniangukia shingoni. Alilia mpaka shati likalowa. Nikachungulia juu ya bega lake kumtafuta mumewe, Anko Faustin. Alikuwepo, amebeba benchi. Nikahesabu watoto. Watatu.

“Shangazi, ni nani?”

“Bibi yako, Tausi. Bibi yako.”

Hapa naomba msicheke. Bibi nilimwacha Alhamisi asubuhi akinigombeza, na simu yangu ilikuwa imezima tangu siku ile. Nikajua tu: amefariki nikiwa barabarani, habari zimenipita njiani. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza hata swali moja. Nilikaa chini kwenye vumbi nikamlilia Bibi kwa sauti, nikikumbuka kwamba neno langu la mwisho kwake lilikuwa la ubishi, juu ya mlango. Wale wanawake wakaanza kulia upya kunisindikiza. Mzee Anastazi alinishikia begi.

Ilipita kama robo saa ndipo tabia yangu iliponirudia.

“Nani kawaletea habari?”

Anko Faustin akasema kwa upole, “Si wewe?”

Shangazi akatoa simu kwenye kanga. Nikasoma ujumbe wangu mwenyewe. Nikausoma tena. Nikafuta machozi.

“Shangazi,” nikasema, “hii ni kauli ya kutendwa.”

“Kauli ya nini?”

“Mtenda ni mimi. Mimi nimemuaga Bibi, kwa sababu nasafiri. Kwa hiyo Bibi ameagwa. Na mimi.”

“Anayeagwa si maiti?” akauliza Mzee Anastazi.

“Si lazima. Hata mtu hai anaweza kuagwa.”

“Umeshamwona nani?”

Nikafikiri. “Mwalimu anayestaafu.”

“Bibi yako amestaafu?”

“Hapana.”

“Basi.”

Shangazi alikuwa hajaniondolea macho. “Yuko hai?”

“Jana alikuwa hai kiasi cha kunifundisha kufunga mlango.”

Anko Faustin aliwatangazia watu kwa Kinyarwanda. Sijui alisema nini, ila mtu mmoja wa nyuma alicheka, akapigwa kiwiko, akacheka tena, halafu ua wote ukaangua kicheko. Nikamuuliza Shangazi kwa nini hawakupiga simu Shelui kuhakikisha. Akasema Bibi hana simu, yangu haipatikani, na yeye hana namba ya mtu mwingine yeyote kule.

Likabaki suala la zile sufuria mbili. Mzee Anastazi akasema chakula cha msiba hakirudishwi jikoni, na kwa kuwa mgeni amekuja kuaga, basi aagwe. Wakaniaga. Walisimama mmoja mmoja wakanipa wosia wa kazi, na nusu yao walikuwa bado na machozi ya Bibi mashavuni.

Shangazi peke yake hakucheka. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba, tayari kwa safari ya mazishi. Anko Faustin aliligusa kwa mguu.

“Neema, tulifungue?”

“Majirani wote hawa nimeshawaaga. Mtu akiaga, anaondoka.”

“Lakini mama alisema...”

“Najua alichosema. Nilikuwepo.”

Jioni ile niliupika mlenda. Shangazi alichovya tonge la kwanza, akalishikilia mdomoni bila kumeza. “Huu kausaga mwenyewe,” akasema. Akala bakuli zima. Watoto wake watatu walisimama mlangoni wakitazama zile nyuzi zinavyomfuata mkono.

Kayonza hadi Shelui

Tuliondoka, mimi na Shangazi, Jumamosi alfajiri. Maneno ya kunifungulia njia hakunipa. Alisema atanipa kulekule Shelui, kama atapata pa kusimamia.

Njia nzima alifanya mazoezi. “Nitaanza na shikamoo.”

“Asipoitikia?”

“Ataitikia.”

“Na asipoitikia?”

“Tausi, hivi chuoni waliwapa alama kwa idadi ya maswali?”

Nilikuwa namchokoza, lakini sote wawili tulijua. Kwetu mkubwa huitikia shikamoo hata ya mtu aliyemwibia kuku. Akinyamaza, amekufukuza, na hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kumlazimisha aseme marahaba.

Nyakanazi tulishuka kula chipsi mayai. Shangazi amekaa ugenini mpaka Kiswahili chake kimehama. Akamuuliza muuzaji, “Uko na pilipili?”

“Mimi siko na pilipili, mama, mimi nina pilipili,” akajibu yule dada. “‘Niko na pilipili’ ni kitu kingine. Mume wangu ndiye anasema niko na pilipili.”

Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Halafu basi likachelewa, tukalala tena Kahama, na Jumapili asubuhi alipoanza kuona mashamba ya alizeti akaacha kufanya mazoezi. Tulipopita Nzega alifungua mkoba, akajitazama kwenye kioo, akafuta hina ya kucha kwa mate. Nikamwambia hina haifutiki kwa mate. Akaendelea kufuta.

Shelui

Bibi alikuwa uani anapepeta mtama, mgongo kwetu. Nikataka kuita. Shangazi akanishika mkono.

Akaenda mwenyewe mpaka ukingo wa ua, pale vumbi la barabara linapoishia na ardhi iliyofagiwa inapoanza. Hakuvuka. Akapiga magoti kwenye upande wa vumbi.

“Shikamoo mama.”

Ungo ukasimama. Bibi aligeuka, akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba. Akanitazama mimi. Akamrudia yeye. Lori lilipita, kisha la pili. Marahaba haikuja.

“Nilisema urudi lini?” akauliza Bibi.

“Siku ya kukuzika.”

“Sasa mbona umewahi?”

Shangazi alifungua mdomo, mazoezi yote ya kilomita mia tano yakapotea. “Nilisikia umeshaagwa,” akasema.

“Nani kaniaga?”

Nikainua mkono, kama mwanafunzi. Nikaeleza ujumbe, nikaeleza kauli ya kutendwa, Bibi akanikatiza nilipofika kwa mtenda. Akauweka ungo chini akakalia kigoda.

“Msiba wangu ulikuwa na watu?”

“Ua ulijaa, Bibi.”

“Walipika?”

“Ndizi na maharage. Sufuria mbili.”

“Nyama hakuna?”

“Nadhani walisubiri siku ya maziko.”

Alitikisa kichwa, hakuridhika. “Wakalia?”

“Wote. Na mimi nililia.”

“Wewe unalia hata kwa kitunguu. Huyu je?” Alimwonyesha Shangazi kwa kidevu, bila kumtazama. “Alilia?”

“Shati langu hili hapa, Bibi. Bado lina chumvi.”

Bibi aliokota punje za mtama zilizomwangukia mapajani, moja moja, akizirudisha kwenye ungo. Shangazi alikuwa bado amepiga magoti.

“Basi,” akasema Bibi, “kama nimeliliwa na watu wamekula, mazishi yamekwisha. Aliyefiwa hakai barabarani. Ingia.” Na alipoona Shangazi hainuki, akamaliza kama mtu anayelipia kitu ghali: “Marahaba, Neema.”

Usiku ule niliwasikia chumbani wakigombana juu ya namna ya kukunja blanketi.

Shelui hadi Nduguti

Jumatatu asubuhi Shangazi alinisimamisha mlangoni, akaniwekea mkono kichwani, akasema maneno yake. Yalikuwa mafupi, kwa Kinyiramba, na Bibi alimsahihisha mara mbili. Nikapanda basi hadi Iguguno, na kutoka pale bodaboda hadi Nduguti, godoro likiwa nyuma yangu na kunisukuma kila tukipita shimo. Ule mlango wa njia ulikuwa umefunguka: tulipata pancha moja tu.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mpole. “Karibu, mwalimu. Nyumbani umeagwa vizuri?”

“Nyumbani sikuagwa, mkuu. Niliaga. Walioagwa ni wao.”

Aliniangalia juu ya miwani yake. Siku hiyohiyo nikapewa vidato vyote vinne.

Shangazi alikaa Shelui wiki tatu, na tangu hapo ameshakuja mara mbili, hakuna aliyefariki. Mimi nilibaki nikiamini kwamba yote yalitokana na kosa langu. Kwa miezi nililiombea radhi, na kwa siri nilijivunia.

Likizo hii ndipo nilipoingia dukani kwa Mama Zuhura, aliyecheza na Neema utotoni, nikamsimulia kisa chote. Aliacha kupima sukari. Akaniambia kwamba Alhamisi ile mchana, mimi nikiwa bado kwenye tairi la Tinde, Neema alimpigia simu kuuliza kama mama yake amekufa. Mama Zuhura akamjibu kwamba mama yake yuko hapo mbele yake, anabishana juu ya viberiti. Neema akamwomba asiseme ni nani anayepiga, aiweke simu juu ya meza na aendelee na kazi. Akasikiliza mpaka Bibi akaondoka.

Nimemuuliza Anko Faustin kuhusu vile viti vya msiba. Vilipangwa uani Alhamisi jioni, baada ya simu ile.